Siku Waliyokuja Kupima

Huku kwetu, nyuma ya uzio wa uwanja wa ndege,
mtu akinyamaza katikati ya neno
usidhani amesahau.
Anasubiri ipite.

Mwalimu Yobu huinua chaki,
watoto huinua kalamu pamoja naye,
nyuso zimetulia kama za watu wanaopigwa picha.
Kisha, "...gawa kwa nne," anaendelea,
na hakuna anayeuliza tunagawa nini.

Foibe Chilewa anaanika mlenda juu ya bati.
Zamani alipepeta vumbi tu,
vumbi la Dodoma, ambalo ni la kila mtu.
Sasa anapitisha kidole kwenye jani,
anakinusa,
anakipangusa kwenye khanga, upande wa ndani,
wageni wasione.

Mvua ya kwanza, ile tunayoingoja kama mshahara,
hatuikingi tena.
Ndoo ya kwanza tunamwaga. Ya pili pia.
Juu ya maji hukaa utando
wenye rangi za shingo ya njiwa.
Mzuri. Ukiutazama sana unasahau kiu.
Mjukuu wangu Nyemo aliuchora shuleni,
akapata nane kwa kumi.

Kuna usiku mmoja, mwezi wa tatu,
moja ilishuka chini mno, bati zikatetema,
tukatoka na watoto, mtu na sufuria yake,
bila kujua tunakimbilia upande gani.
King'ora kilifika kwenye uzio, kikageuka.
Mpaka leo hakuna aliyetuambia kulikuwa na nini.

Ndipo nikaandika barua.
Mwenyekiti wa mtaa akaipeleka kwa mtendaji,
mtendaji akaipeleka anakojua yeye.
Ingekuwa na mabawa
ingefika siku ile ile.

Wakaja Jumanne, vijana wawili, vizibao vinang'aa,
na chombo chenye sifongo kichwani, kama kifaranga.
Wakakisimika kando ya mzabibu wa Chidawali.
Tukatoka wote kukaa nacho.
Tukanyamazisha redio, tukafungia jogoo,
kusudi ushahidi uwe safi.
Saa mbili. Saa nne. Saa sita.
Angani mwewe mmoja, hana haraka.
Bunge lilikuwa limeahirishwa Ijumaa,
waheshimiwa wamekwisha kuruka makwao.
Kijana akatuonyesha namba: chini ya kiwango.
Sauti kubwa kuliko zote siku ile
ilikuwa ya mbuzi wa Mbelwa.

Mbelwa alicheka hadi akakaa chini.
Nami nilicheka. Nasema kweli.

Bunge liliporudi, tulimzika Damari.
Alikohoa miaka mitatu; daktari alisema vumbi,
na mimi si daktari.
Mchungaji akafungua kitabu:
"Tunamkabidhi kwako mtumishi wako —"
ikapita, unaweza kuhesabu tairi.
Midomo yake ilisogea. Jina hatukulisikia.
"...mavumbi kwa mavumbi," akaendelea,
kwa mazoea, kama Mwalimu Yobu.
Nikamshika mkono wa joho.
Rudia, nikamwambia. Rudia jina.

Akarudia. Udongo ukangoja.

Sichukii ndege.
Moja ilimleta mwanangu akiwa na pumzi bado,
nikailaki nikilia, nikaisahau kelele yake.
Na wanasema zote zitahamia Msalato.
Usiku nilioambiwa nililala vizuri.
Asubuhi, nikikinga maji,
nikamwona mwanamke wa huko nisiyemjua,
ana bati jipya, anatandaza mlenda wake,
anasifu anga lilivyo tupu.

Atakayetangulia kufika amwambie:
ndoo ya kwanza amwage. Ya pili pia.
Na akiwa na jambo la kusema, likakatwa,
asiendelee pale lilipoishia.
Angoje ipite,
aanze upya, na jina.